Bell Labs: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maabara ya kampuni ya simu

Kila ninapoandika kuhusu transista (kifaa kidogo cha kukuza na kukata umeme), Unix (mfumo wa kuendeshea kompyuta) au setilaiti, wasomaji huniuliza habari za maabara moja ya Marekani ambayo jina lake halikosi kutajwa. Nimekusanya maswali yao hapa. Mengine yana jibu la sentensi mbili, mengine hata ukurasa hautoshi.

Bell Labs ni nini hasa?

Ni maabara ya utafiti iliyokuwa ya AT&T, kampuni iliyoshika simu karibu zote za Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Jina lake kamili lilikuwa Bell Telephone Laboratories. Ilianza kazi rasmi tarehe 1 Januari 1925 kwenye jengo namba 463 la mtaa wa West, Manhattan, New York. Umiliki uligawanywa nusu kwa nusu kati ya AT&T yenyewe na Western Electric, kampuni tanzu iliyounda vifaa vyake vya simu. Rais wake wa kwanza alikuwa mwanafizikia Frank Jewett. Watu wengi wa mwanzo walikuwa tayari wakifanya kazi humo humo, chini ya idara ya uhandisi ya Western Electric, kwa hiyo asubuhi ile wengi wao walikaa kwenye meza zao zile zile.

Baadaye ilihamia New Jersey: Murray Hill kuanzia miaka ya 1940, kisha Holmdel. Ilipokuwa kileleni iliajiri zaidi ya watu 20,000. Wengi walikuwa wahandisi wa mitambo ya simu; waliokuwa wakichimba sayansi tupu walikuwa wachache.

Graham Bell ndiye aliyeianzisha?

Hapana. Alexander Graham Bell alifariki Agosti 1922. Jina linatokana na mtandao mzima wa kampuni za AT&T, ulioitwa Bell System. Bell alikuwa na maabara yake ndogo mjini Washington, iliyoanza kwa fedha za tuzo ya Volta aliyopewa na Ufaransa. Hiyo ni habari nyingine kabisa, ingawa mitandaoni mbili hizi huchanganywa kila siku.

Fedha zilitoka wapi?

Kwenye bili ya simu. Ukilielewa hili, mengine yote hapa chini yataeleweka kwa urahisi.

AT&T ilikuwa na ukiritimba ambao serikali iliukubali: kampuni iachiwe mtandao, nayo ikubali bei zake zikaguliwe na wadhibiti. Kampuni za simu za majimbo zilizokuwa chini yake zilipeleka asilimia ndogo ya mapato makao makuu, na sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyolipia utafiti. Western Electric nayo ililipia kazi ya kusanifu vifaa ambavyo ingekuja kuviunda. Basi mtu wa Ohio aliyempigia dada yake aliyeolewa mbali alikuwa akimlipa mshahara mwanafizikia wa New Jersey, wala hajui.

Wengi hupenda kueleza mafanikio ya Bell Labs kwa vipaji. Vipaji vilikuwepo, tena vya kutisha. Lakini vipaji vilijaa vyuo vikuu pia. Pale kulikuwa na fedha zisizoyumba, zikitoka kwa mteja asiye na pengine pa kwenda, na kulikuwa na tatizo la kweli lisilokwisha, yaani mtandao wa simu wenyewe. Mtafiti hakupoteza miezi akiandika maombi ya ruzuku. Mkuu wake aliweza kumwambia afikirie miaka 20 mbele, maana kampuni ilikuwa na hakika kwamba miaka 20 mbele itakuwepo.

Kampuni ya simu iliwataka wanafizikia wa nini?

Umbali. Sauti inayopita kwenye waya hufifia, na baada ya kilomita kadhaa haisikiki. Mwaka 1915 simu ya kwanza kuvuka bara kati ya New York na San Francisco iliwezekana kwa sababu wahandisi waliichukua valvu ya Lee de Forest, yaani taa ya kioo inayokuza umeme, wakaiboresha, wakaiweka njiani ikuze sauti. Lakini kila valvu iliikuza sauti pamoja na kasoro zake, na kasoro zikalimbikizana kituo hadi kituo, kama habari iliyopita vinywa kumi kabla ya kukufikia.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana kwenye kivuko. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black alikuwa akivuka mto Hudson kwenda kazini. Wazo likamjia, na kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine, akalichora kwenye gazeti la New York Times alilokuwa nalo mkononi. Chukua sehemu ya sauti inayotoka, igeuze, irudishe inakoingilia, na kasoro itajifuta yenyewe. Unapoteza nguvu nyingi, lakini unapata usafi. Leo ni vigumu kuikuta amplifaya isiyotumia mbinu hiyo.

Hata hivyo valvu zilibaki na dhambi zao: zinapata moto, zinakula umeme, zinaungua. Swichi za kuunganishia simu nazo zilikuwa za vyuma vinavyogongana hadi vinalika. Mervin Kelly, aliyekuja kuwa rais wa maabara, aliwahi kusimamia idara ya valvu na aliyajua maumivu hayo kwa karibu. Alitaka kitu kigumu, kisicho na nyuzi za kuungua wala sehemu ya kusogea, kifanye kazi zote mbili.

Transista ilizaliwaje?

Baada ya vita vya pili, Kelly aliunda kundi la kuchunguza silikoni na jemaniamu, vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi, chini ya William Shockley. Ndani yake walikuwamo John Bardeen, mtu wa nadharia na mkimya kupindukia, na Walter Brattain, mtu wa mikono. Shockley alikuwa na wazo lake la kuongoza umeme ndani ya kipande cha madini kwa nguvu ya nje, lakini kila walipolijaribu lilikataa. Bardeen ndiye aliyeng'amua kwamba elektroni zilikuwa zikinasa kwenye uso wa kipande na kukizuia kilicho ndani kisiguswe.

Desemba 1947 Brattain akaunda kifaa ambacho ukikiona picha unaweza kudhani ni kazi ya mtoto. Alichukua kabari ndogo ya plastiki, akaizungushia karatasi nyembamba ya dhahabu, kisha akaipasua dhahabu hiyo kwenye ncha kwa wembe ili zipatikane kingo mbili zilizokaribiana mno. Kabari akaikandamiza kwa springi juu ya kipande cha jemaniamu. Tarehe 16 Desemba kifaa kikakuza umeme. Tarehe 23 wakawaonyesha wakubwa: waliongea ndani yake, na sauti ikatoka kubwa kuliko ilivyoingia. Jina la transista lilipendekezwa na mwenzao John Pierce.

Umma ulitangaziwa Juni 1948. Magazeti hayakushtuka sana.

Shockley alidandia kazi ya wenzake?

Hapo kuna ugomvi mrefu. Majina kwenye hataza (haki ya uvumbuzi) ya kifaa cha kwanza ni ya Bardeen na Brattain, na jambo hilo lilimuuma sana Shockley. Alijifungia, na kufikia Januari 1948 alikuwa ameshabuni transista ya aina nyingine, ya tabaka, ambayo ilikuja kuwa rahisi zaidi kuundwa kiwandani. Kwa hiyo mchango wake ni wa kweli. Lakini uongozi wake ulimfukuza Bardeen, aliyeondoka mwaka 1951. Wote watatu walipata Nobel mwaka 1956. Bardeen akapata ya pili ya fizikia mwaka 1972, kwa kazi aliyoifanya chuo kikuu cha Illinois. Shockley alihamia California kuanzisha kampuni yake, nayo ikavunjika kwa tabia zake, na watu wanane waliomkimbia ndio walioanzisha Fairchild Semiconductor. Uzee wake aliumalizia akieneza nadharia za kibaguzi kuhusu akili za watu weusi. Sioni sababu ya kulificha hilo.

Ni kweli waliigawa transista bure?

Karibu na bure, na si kwa ukarimu mtupu. Serikali ya Marekani iliifungulia AT&T kesi ya ukiritimba mwaka 1949, na kampuni ilijua kwamba ikikumbatia uvumbuzi mkubwa hivyo itazidi kujiponza. Mwaka 1952 iliwaita wahandisi wa kampuni nyingine, ikawafundisha namna ya kuitengeneza. Ada ya kuingia ilikuwa dola 25,000, malipo ya awali ya leseni. Waliounda vifaa vya kusaidia watu wenye usikivu hafifu walisamehewa malipo ya hataza kwa heshima ya Graham Bell, aliyekuwa mwalimu wa viziwi. Texas Instruments ilichukua leseni. Kampuni changa ya Tokyo iliyokuja kuitwa Sony ilichukua ya kwake mwaka 1953, na mwaka 1955 ikatoa redio ya transista.

Kesi iliisha mwaka 1956 kwa maafikiano: AT&T ibaki nzima, lakini hataza zake zote zilizokuwepo zitumiwe na wengine bila malipo, na isifanye biashara nje ya mawasiliano. Kwa maoni yangu hukumu ile ndiyo zawadi kubwa kuliko zote dunia ilizopata kutoka Bell Labs, na ilitoka kwa wanasheria.

Claude Shannon alifanya nini cha ajabu hivyo?

Mwaka 1948, mwaka ule ule wa kutangazwa kwa transista, alichapisha kwenye jarida la kampuni makala iliyoonyesha kwamba habari yoyote, iwe sauti, picha au maandishi, inaweza kupimwa kwa kipimo kimoja: biti, yaani chaguo kati ya 0 na 1. (Neno lenyewe alimpa sifa John Tukey.) Kisha akathibitisha kitu ambacho wahandisi hawakukitarajia: kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake, na ukituma chini ya kikomo hicho, makosa unaweza kuyapunguza kiasi unachotaka hata kama njia imejaa kelele. Hakuonyesha namna bora ya kufanya hivyo. Alithibitisha tu kwamba namna ipo, na wengine wakatumia nusu karne kuitafuta. Simu yako inatumia matokeo ya msako huo kila inapopokea data.

Wakati wa vita alishughulikia usimbaji wa siri, na mwaka 1943 alikuwa akinywa chai na Alan Turing, aliyetembelea maabara kutoka Uingereza. Kazi zao za siri hawakuruhusiwa kuzizungumza, basi wakazungumza juu ya mashine zinazofikiri. Mambo ya kuendesha baiskeli ya gurudumu moja kwenye korido huku akirusha mipira ni ya kweli.

Na hadithi ya njiwa?

Ya kweli pia. Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe huko Holmdel, iliyojengwa kwa majaribio ya setilaiti. Mwaka 1964 walitaka kuitumia kupima anga, lakini kila walipoielekeza walisikia kelele ile ile hafifu, mchana na usiku, majira yote. Waliushuku mji wa New York. Wakawashuku njiwa wawili waliokuwa wameweka kiota ndani, wakawaondoa, wakasugua kinyesi chote. Kelele ikabaki. Ilikuwa ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipoanza, nyuzi chache tu juu ya baridi kamili, jambo ambalo kundi la Robert Dicke pale Princeton, mwendo mfupi kwa gari, lilikuwa likijiandaa kulitafuta. Nobel yao ilikuja mwaka 1978.

Miaka 30 kabla yao, Karl Jansky alitumwa na maabara hiyo hiyo kutafuta chanzo cha mikwaruzo kwenye simu za redio za kuvuka Atlantiki. Alikuta sehemu ya mikwaruzo inatoka katikati ya kundi letu la nyota. Hapo ndipo astronomia ya redio, yaani kuchunguza nyota kwa mawimbi ya redio, ilipoanzia, kwenye malalamiko ya simu.

Unix ilitokeaje kwenye kampuni ya simu?

Kwa kususiwa. Bell Labs ilikuwa ikishirikiana na MIT na General Electric kwenye mfumo mkubwa wa kuendeshea kompyuta ulioitwa Multics, ikajitoa mwaka 1969. Ken Thompson akabaki bila mashine ya maana. Alipata kompyuta kuukuu ya PDP-7 isiyo na mtu, akaanza kwa kuhamishia mchezo wake wa kusafiri angani. Mke wake aliposafiri na mtoto kwenda kuwaona wakwe, Thompson akazitumia zile wiki tatu kuandika kiini cha mfumo mpya. Mwenzake Dennis Ritchie akaleta C, lugha ya kuandikia programu, na mwaka 1973 Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo, ikaweza kuhama mashine hadi mashine.

Mashine mpya waliipataje? Waliahidi kuwatengenezea watu wa idara ya hataza programu ya kuandalia nyaraka. Wakubwa walikubali kugharimia hilo, wasingekubali kugharimia mfumo mwingine wa uendeshaji.

Na hapa maafikiano ya 1956 yanarudi: AT&T haikuruhusiwa kuuza programu, basi vyuo vikuu vilipewa Unix kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake. Kizazi kizima cha wanafunzi kikajifunza kwa kuusoma. Linux iliyo ndani ya simu za Android iliandikwa upya kwa kufuata mfano wake, na mfumo wa iPhone umetokana na tawi la Unix lililoendelezwa chuo kikuu cha Berkeley.

Simu ya mkononi ni yao?

Wazo la selo ni lao: Douglas Ring aliandika mwaka 1947 kwamba eneo ligawanywe vipande vidogo vya pembe sita, kila kimoja na mnara wake, ili masafa yale yale yatumike tena mbali kidogo. Kifaa cha kushika mkononi kilitolewa kwanza na Motorola mwaka 1973, kupitia Martin Cooper. Mtandao wa majaribio wa AT&T ulianza Chicago mwaka 1978, na wa biashara mwaka 1983.

Je, kulikuwa na wanawake na watu weusi?

Wachache, na kwa muda mrefu walibanwa. Walter Lincoln Hawkins aliingia mwaka 1942, mtu mweusi wa kwanza kwenye safu ya wataalamu, na alishiriki kubuni ganda la plastiki la nyaya za simu linalohimili jua na mvua kwa miaka mingi. James West, akiwa na Gerhard Sessler, alibuni mwaka 1962 maikrofoni ya elektreti, aina iliyokuja kutumika kwenye mabilioni ya vifaa. Shirley Jackson, mwanamke mweusi wa kwanza kupata udaktari MIT, alifanya fizikia pale kuanzia 1976. Erna Hoover alichora mpango wa kuzuia mitambo ya simu isizidiwe akiwa hospitalini baada ya kujifungua. Hataza yake ilitoka mwaka 1971.

Ina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, ingawa hautajwi. NASA ilipojenga vituo vya kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury wa kurusha watu angani, kazi ilipewa kundi lililoongozwa na Western Electric, na Bell Labs ilikuwamo. Kimoja cha vituo hivyo kilikuwa Zanzibar. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na kituo hicho. Kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Kebo za baharini za TEAMS, inayotoka Fujairah hadi Mombasa, na EASSy, inayopita Dar es Salaam, zilijengwa na Alcatel-Lucent, iliyokuwa ikimiliki Bell Labs wakati huo. Mbinu ya kuukuza mwanga ndani ya kebo kama hizo ilitokana na kazi za mwaka 1987 za kundi la Southampton, Uingereza, na la Bell Labs.

Kuna pia sola. Daryl Chapin aliagizwa kutafuta chanzo cha umeme kwa simu za maeneo ya joto na unyevu, ambako betri kavu ziliharibika upesi. Akiwa na Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha tarehe 25 Aprili 1954 kipande cha silikoni kilichogeuza takriban asilimia 6 ya jua kuwa umeme. Paneli za silikoni zilizo juu ya mabati vijijini kwetu ni kizazi chake.

Walishindwa wapi?

Simu ya picha. Waliionyesha kwenye maonyesho ya New York mwaka 1964, wakaiuza Pittsburgh kuanzia 1970, na watu hawakuitaka: ghali, na nani anataka kuonekana kabla hajachana nywele? Aibu kubwa zaidi ilikuja mwaka 2002. Mtafiti kijana, Jan Hendrik Schön, alikuwa akitoa makala kwa kasi isiyo ya kawaida, hadi wenzake nje walipogundua kwamba grafu za majaribio tofauti zilikuwa na mikwaruzo ile ile. Tume ilimkuta na hatia kwenye tuhuma 16, akafukuzwa.

Ilikufa lini?

Haijafa, imepungua. Serikali ilishtaki tena mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1984 AT&T ikavunjwa: kampuni za simu za majimbo zikaenda zao. Bili ya simu ya Ohio haikuilipia tena Murray Hill. Mwaka 1996 maabara ikaenda na Lucent, kampuni iliyomeguka kutoka AT&T, mwaka 2006 ikawa ya Alcatel-Lucent, na tangu 2016 ni ya Nokia. Watafiti bado wamo, wanafanya kazi nzuri, lakini wanaulizwa faida mapema. Kufikia mwaka 2023 Nobel kumi zilikuwa zimehusishwa na kazi iliyofanyika pale, ya kumi ikiwa ya Louis Brus mwaka huo, kwa kazi ya miaka ya mwanzo ya 1980. Angalia tarehe hizo mbili.

Kwa nini kampuni tajiri za leo hazijengi nyingine?

Zinajenga, ila kwa masharti tofauti. Zinaweza kuwa na fedha nyingi kuliko AT&T, lakini robo mwaka mbili mbaya hufunga mradi, na hakuna hakimu anayezilazimisha kugawa hataza. Wanaosema "turudishe Bell Labs" mara nyingi husahau kwamba wanaomba pia kampuni moja ya simu, bei moja, na mteja asiye na chaguo. Mimi nisingeutaka ukiritimba ule urudi.

Naweza kutembelea majengo?

Baadhi. Lile la mtaa wa West sasa ni makazi ya wasanii, linaitwa Westbeth. Jengo la kioo la Holmdel, kazi ya Eero Saarinen, limefunguliwa kama Bell Works, lina ofisi na migahawa, na nje kuna mnara wa maji uliojengwa kwa umbo la transista. Antena ya Penzias na Wilson ipo jirani, juu ya kilima cha Crawford, imelindwa kama alama ya kitaifa. Murray Hill bado ni ya kazi, na Nokia imetangaza kuhamia New Brunswick, kwa hiyo usitegemee kuingia.